Pua ya Sungura: Somo kwa Wafugaji wa Malindi na Kilifi

Katika miji na vijiji vya pwani, tangu Mtwapa na Takaungu mpaka Watamu, Malindi na Mambrui, na pande za ndani kama Kaloleni, Ganze na Marafa, wako watu wafugao sungura katika nyua zao. Wengine huwafuga ili wauze na kupata fedha ya karo na mahitaji ya nyumbani. Wengine ni watoto, na sungura wao ni rafiki mwenye jina, ajuaye sauti ya bwana wake na kuja mbio aonapo jani la mchicha. Vyama vya 4-K vya watoto wa shule, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilifufuliwa mwaka 2021, na sungura ni mnyama afaaye sana kwa mafunzo ya namna hiyo, kwa maana hahitaji shamba kubwa wala chakula cha gharama.

Lakini mara nyingi husikiwa maneno haya: "Jana alikuwa mzima, leo tumemkuta amekufa." Watu hudhani ya kuwa mauti yalikuja ghafula. Aghalabu sivyo. Pua ya mnyama huyo ilikuwa ikitoa habari kwa siku nyingi, ila hapakuwa na mtu wa kuipokea. Somo hili linaeleza namna ya kuitazama pua ya sungura, maana ya dalili zinazoonekana, mambo ambayo mfugaji aweza kuyatengeneza kwa mikono yake mwenyewe, na mambo ambayo hapana budi ampelekee daktari wa mifugo. Zaidi ya hayo, linaonya juu ya dawa za binadamu, ambazo zimewaua sungura ambao makamasi yenyewe yasingaliwaua.

1. PUA YA SUNGURA ILIVYO

Yafaa kwanza ijulikane ni mnyama gani anayezungumzwa. Sungura wa hadithi zetu, yule mjanja awashindaye fisi na simba, ni mnyama wa porini, mwenye miguu mirefu, azaaye watoto wenye manyoya na macho wazi juu ya ardhi. Sungura wa kufugwa ni wa kabila lingine. Asili yake ni nchi za Uhispania na Ureno, ambako wenzake wa porini huishi katika mashimo ardhini, na watoto wake huzaliwa uchi na macho yamefumba. Kwa hiyo umbile lake ni la mnyama wa mahali penye ubaridi na kivuli; jua la Malindi la mwezi wa Februari ni mzigo kwake.

Jambo moja wanafanana: wote wawili ni chakula cha wanyama wengine, na kwa sababu hiyo huficha udhaifu wao. Mbwa akiumwa hulia; sungura akiumwa hunyamaza. Hukaa kitako pembeni kana kwamba anapumzika, na mwenyewe asiyemjua vizuri hupita akisema kwamba ametulia.

Sungura hupumua kwa pua. Binadamu akizibwa na mafua hufumbua kinywa na kuvuta hewa kwa raha. Lakini koo la sungura limeumbwa hata njia ya pumzi imeungana na pua, wala si na kinywa. Akionekana anapumua kwa kinywa wazi, ajulikane yuko katika hatari kubwa. Basi makamasi ambayo kwa mtoto wa watu ni jambo la kitambaa, kwa sungura yaweza kuwa jambo la uhai.

Tena pua ndiyo inayomwongoza kwenye chakula. Sungura hawezi kukiona vema kitu kilicho mbele ya midomo yake. Hukijua kwa harufu na kwa sharubu. Pua ikiziba, harufu hupotea. Harufu ikipotea, hamu ya kula hupungua. Na sungura asiyekula huingia katika hatari nyingine, kwa kuwa tumbo lake limeumbwa kufanya kazi mchana na usiku pasipo kusimama. Akipitisha saa 12 bila kula, si jambo la kungoja kesho.

Mwisho, pua yake ni jirani wa macho na meno. Machozi huteremka kwa mfereji mwembamba mpaka puani, na mizizi ya meno ya juu imepita karibu na mfereji huo. Meno ya sungura hukua maisha yake yote. Asipopata nyasi za kutafuna, meno hurefuka na mizizi husukuma juu, mfereji ukabanwa, na jicho na pua vikalowa kwa pamoja. Kwa hiyo anayeiangalia pua na asiangalie jicho na meno ameangalia nusu ya kazi.

2. UANGALIZI WA KILA ASUBUHI

Dalili ya mvua ni mawingu. Mfugaji mwema huyatazama mawingu kabla mvua haijanyesha, na kazi hii haichukui zaidi ya dakika mbili kwa kila sungura. Ifanywe asubuhi, wakati wa kupeleka chakula, kabla jua halijawa kali.

Kwanza, amtazame kwa mbali, bila kumgusa. Sungura mzima akiwa macho huchezesha pua yake, mara upesi, mara polepole, na akilala au kutulia sana huiacha. Apumue kwa utulivu. Pumzi za sungura mzima aliyepumzika ni baina ya 30 na 60 kwa dakika. Zaweza kuhesabiwa kwa kutazama ubavu unavyopanda na kushuka. Asubuhi ya joto huzidi kidogo. Zikiwa nyingi kupita kiasi wakati wa ubaridi, au kichwa kikinyoshwa juu na mianzi ya pua ikafunguka sana, kuna jambo.

Pili, asikilize. Chafya moja au mbili anapotia pua katika nyasi kavu si ugonjwa. Chafya nyingi mfululizo, au mlio wa kukoroma anapovuta pumzi, ni dalili.

Tatu, aitazame miguu ya mbele, upande wa ndani. Hapa ndipo wafugaji wengi hupitwa. Sungura hujifuta pua kwa miguu yake ya mbele kama mtu ajifutaye kwa mkono wa kanzu. Pua yaweza kuonekana safi kabisa mbele ya mwenyewe, na hali manyoya ya miguuni yameshikana, yamekauka na kuwa magumu kwa makamasi. Anayekwenda sokoni kununua sungura aikague miguu hiyo kabla hajatoa fedha yake. Muuzaji aweza kumpangusa sungura pua, lakini manyoya ya miguuni ni vigumu kuyatengeneza kwa haraka.

Nne, apime pumzi ya kila mwanzi wa pua. Achukue unyuzi mwembamba wa pamba, aushike mbele ya mwanzi mmoja bila kuugusa, kisha mbele ya wa pili. Unyuzi ukitikisika kote kuwili, njia zote mbili ni wazi. Ukitikisika upande mmoja tu, upande wa pili umeziba.

Tano, atazame chakula cha jana na mavi ya usiku. Chakula kilichobaki, au mavi machache, madogo na makavu, huongeza uzito wa dalili yo yote iliyoonekana puani.

3. DALILI NA MAANA YAKE

Si kila pua yenye maji ni pua yenye maradhi. Yapasa kupambanua.

Maji meupe kama ya kisima. Pua yenye unyevu kidogo, isiyo na makamasi mazito, yaweza kutokana na joto, vumbi, au kunywa maji katika bakuli pana. Sungura akiwa anakula, anacheza na macho yake ni makavu, hapana haja ya hofu. Atengenezewe nyumba, aangaliwe kwa siku mbili. Yakikoma, yamekwisha, yakiendelea au yakigeuka rangi, aonwe na daktari.

Makamasi mazito, meupe au ya manjano. Haya ni maradhi. Mara nyingi ni mafua ya sungura, yaletwayo na vijidudu. Mmoja aliye mashuhuri ni Pasteurella, aliyepewa jina la mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, ambaye karibu na mwaka 1880 alichunguza kipindupindu cha kuku. Kijidudu cha jamii hiyo hiyo ndicho kinachosumbua sungura, na hii ni sababu mojawapo ya kutowaweka sungura na kuku katika banda moja. Jambo la kukumbukwa ni kwamba sungura wengi huweza kukichukua kijidudu hiki puani pasipo kuugua. Hukaa kimya mpaka siku mnyama atakapodhoofishwa na joto, uchafu, msongamano, safari au njaa. Hapo ndipo kinapoinuka. Hata aliyepona aweza kubaki nacho, na mafua yakarudi. Kwa hiyo dawa peke yake, bila kutengeneza nyumba, ni kama kuteka maji kwa pakacha.

Upande mmoja tu kulowa. Mwanzi mmoja ukitoa makamasi na wa pili ukawa mkavu, fikira ya kwanza iwe jani au mbegu ya nyasi iliyoingia puani, au jino. Mfugaji asiingize kijiti, sindano wala pamba iliyosokotwa ili kukitoa kitu hicho. Atakisukuma ndani zaidi na kujeruhi nyama laini. Hiyo ni kazi ya daktari.

Magaga na upele. Magaga makavu ya rangi ya majivu au manjano, yaanzayo puani na midomoni na kuenea masikioni na kwenye kucha, mara nyingi ni upele uletwao na wadudu wadogo wasioonekana kwa macho. Sungura hujikuna sana na hukonda. Upele huu hupita kutoka kwa mnyama hata kwa mnyama, na waweza kumwasha mtu amshikaye. Magaga yasibanduliwe kwa kucha, kwani chini yake ni kidonda. Daktari anayo dawa ya kuwaua wadudu hawa, nayo hutolewa kwa kipimo cha uzito na kurudiwa.

Vidonda puani pamoja na sehemu za siri. Magaga yakionekana mahali pote pawili kwa wakati mmoja, yaweza kuwa kaswende ya sungura. Si ile ya binadamu, wala haimpati mtu. Huambukizwa sungura wanapopandana, na mama huweza kuwaambukiza watoto. Wanyama hao wasipandishwe mpaka watibiwe.

Upara juu ya pua. Manyoya yakitoka juu ya pua bila magaga na bila usaha, na ngozi ikawa safi, atazamwe kama ana desturi ya kusugua au kuguguna nyaya za kizimba. Dawa yake ni nyasi nyingi, kizimba kipana zaidi na nafasi ya kutembea.

Mkwaruzo. Sungura wakipigana, au ncha ya waya ikitokeza, hupata mkwaruzo mdogo puani. Huoshwa kama itakavyoelezwa, na ncha ya waya ikakunjwa siku hiyo hiyo.

Damu. Tone moja baada ya kujigonga laweza kukoma lenyewe. Lakini damu inayotoka puani bila sababu inayojulikana ni jambo la haraka. Na sungura akifa ghafula na damu ikaonekana puani, hasa wakifa zaidi ya mmoja, asichunwe, asiliwe, wala asitupwe kichakani. Ofisi ya mifugo ipewe habari mara moja. Uko ugonjwa wa kutokwa damu wa sungura, uliotambuliwa kwanza nchini China mwaka 1984 na kufika hata Nigeria mwaka 2020, ambao huweza kufagia kundi zima kwa siku chache.

4. KUSAFISHA PUA

Kwa pua yenye uchafu kidogo, maji yaliyokauka au mkwaruzo mdogo, mfugaji aweza kusafisha mwenyewe kwa taratibu hii:

(a) Achemshe nusu lita ya maji, atie kijiko kimoja cha chai cha chumvi kisichofurika, akoroge, kisha aache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Maji haya yafanywe mapya kila siku.

(b) Anawe mikono kwa sabuni na kuisuuza sana.

(c) Amfunge sungura katika leso kuukuu, safi, kama mama amfungavyo mtoto mchanga, kichwa kikabaki nje. Amkalishe juu ya meza au mapajani, miguu yake chini. Asimlaze chali, kwa maana humtia hofu na kumzidishia shida ya pumzi. Asimwinue kwa masikio kamwe. Miguu ya nyuma ishikiliwe vema. Sungura akirusha mateke hewani aweza kuvunja mgongo wake mwenyewe.

(d) Achovye kipande cha pamba katika maji ya chumvi, akikamue, akiweke juu ya uchafu uliokauka kwa muda mpaka ulainike. Kisha apanguse kwa upole kutoka ndani kwenda nje. Asimimine maji puani, na asisugue.

(e) Kila mwanzi wa pua uwe na pamba yake. Akaushe kwa kitambaa laini, kisha aisafishe na miguu ya mbele, la sivyo sungura ataurudisha uchafu ule ule puani pake.

(f) Pamba ichomwe. Leso ifuliwe na kuanikwa juani. Mikono inawiwe tena kabla ya kumgusa sungura mwingine.

Kazi hii ifanywe asubuhi na jioni. Baada ya siku mbili, kama pua haikupata nafuu, mfugaji asiendelee kusafisha tu, amwendee daktari.

5. NYUMBA NDIYO DAWA YA KWANZA

Mkojo wa sungura ni mkali. Ukikaa chini ya kizimba hutoa hewa ya amonia, ambayo huchoma ngozi laini ya ndani ya pua na kuufungua mlango kwa vijidudu. Mtu asimamaye huenda asiisikie, kwa kuwa pua yake iko juu ya kizimba. Basi ainame, aweke uso wake mahali pale ambapo sungura hulala, avute pumzi chache. Kama macho yake yatawasha, ajue kwamba mnyama wake amekaa katika hali hiyo usiku kucha. Mavi na nyasi zilizolowa ziondolewe kila siku. Nazo hazipotei bure, kwani ni mbolea nzuri ya mchicha, sukumawiki na migomba.

Paa la makuti ni bora kuliko bati tupu kwa pwani yetu, maana makuti hupitisha hewa na hayahifadhi joto. Kizimba kiinuliwe juu ya ardhi na kiwekwe chini ya mwembe au mkorosho. Pande zake ziwe za waya ili upepo upite, lakini upande unaokabili kusi uwe na pazia la makuti au gunia la kushushwa, kwa sababu wakati wa masika, toka Aprili mpaka Juni, mvua hupigwa na upepo ikaingia ndani, na sungura aliyelowa usiku ni sungura wa kupiga chafya asubuhi. Upepo upite juu ya mnyama, usimpige usoni.

Vumbi nalo ni adui. Unga wa mbao wa seremala na vumbi la makumbi visitandikwe kizimbani. Nyasi kavu zikung'utwe nje kwanza. Zikionekana na ukungu, jambo ambalo hutokea upesi katika unyevu wa pwani, zitupwe. Ukungu ukivutwa puani hudhuru kama vumbi. Kadhalika kizimba kisiwekwe karibu na jiko la kuni, wala sungura asiwekwe chumbani panapofukizwa udi na ubani au kuwashwa dawa ya mbu ya moshi. Moshi upendezao pua ya mtu ni mateso kwa pua ya sungura.

Wakati wa kaskazi, hasa toka Januari mpaka Machi, joto lenyewe huweza kuonekana kama ugonjwa wa pua. Sungura hatoki jasho la kumpoza. Hupoza damu yake kwa masikio. Joto likipita digrii 30 huanza kutaabika: hujinyosha chini, hupumua upesi, mianzi ya pua hupanuka na kulowa. Huyu hahitaji dawa ya mafua. Ahamishiwe kivulini mara moja, apanguswe masikio kwa maji ya kawaida, apewe maji ya kunywa, na chupa ya maji ya barafu iliyofungwa kitambaa iwekwe ubavuni mwake. Asitumbukizwe katika maji baridi, kwani mshtuko huo waweza kumwua. Asipopata nafuu upesi, apelekwe kwa daktari.

6. DAWA ZISIZOFAA

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko makamasi yenyewe. Mwaka 1928, huko London, Alexander Fleming aligundua penisilini, na dawa za jamii hiyo zimeokoa watu wasiohesabika. Kwa sababu hiyo, mtu akiona makamasi kwa sungura hukumbuka vidonge vya amoksilini au ampisilini vilivyobaki kabatini tangu mtoto wake alipougua, akavunja kidogo, akachanganya na maji, akamnywesha. Siku chache baadaye sungura huharisha, hulegea, akafa. Na mwenyewe husema mafua yamemwua. Mafua hayakumwua. Ni kidonge.

Sababu yake ni hii. Katika utumbo wa sungura mna vijidudu vyema vingi mno, ambavyo kazi yao ni kuchachusha majani anayokula. Dawa hizo zikiingia kwa mdomo huviua vijidudu vyema, na vile vibaya visivyouawa huzaana na kutoa sumu. Sungura hufa kwa sumu ya tumbo lake mwenyewe. Ni kweli kwamba daktari huweza kutumia penisilini kwa sindano, mathalani katika kaswende ya sungura. Lakini sindano ya daktari na kidonge cha kabatini si kitu kimoja. Zipo dawa nyingine ambazo sungura huzivumilia, nazo ni juu ya daktari kuzichagua na kuzipima.

Kadhalika visitumiwe vitu hivi: dawa ya kupaka kifuani yenye ukali wa kunukia, ambayo huchoma pua, mafuta ya taa na oili chafu ya magari, ambayo watu hupaka juu ya upele, na sungura huyalamba akajisumisha, na dawa ya viroboto ya mbwa na paka iliyo na fipronili, ambayo ni sumu kwa sungura ingawa mbwa hupona kwayo. Majani ya kufukiza pia yaachwe.

7. KUMTENGA, NA KUMWENDEA DAKTARI

Sungura mwenye makamasi mazito au magaga atengwe siku ile ile. Mafua hupita kwa pua kugusana, kwa chafya, kwa bakuli na kwa mikono ya mfugaji. Aliye mgonjwa awe na bakuli lake, na ahudumiwe wa mwisho, baada ya wazima kwisha kulishwa. Asipandishwe, wala asiuzwe kwa jirani; kumwuzia mtu sungura huyo ni kumwuzia hasara ya banda lake zima. Na kila sungura mgeni, hata akiwa na pua safi, akae peke yake kwa muda wa siku 14 zisizopungua kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

Mfugaji asingoje aonapo mojawapo ya mambo haya:

Sungura anapumua kwa kinywa wazi, au midomo yake imekuwa ya samawati.
Hakula kwa saa 12.
Makamasi ni mazito, au yana rangi, au harufu mbaya.
Uso umevimba, jicho latoa usaha, au kichwa kimepinda upande mmoja.
Damu inatoka puani.
Magaga yanaenea.

Ofisi za mifugo zipo katika Kaunti ya Kilifi, na Mariakani iko maabara ya serikali ya kuchunguza maradhi ya mifugo. Anayejiita daktari aulizwe hati yake, maana kwa Sheria ya mwaka 2011 madaktari wa mifugo na wasaidizi wao huandikishwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Safari iwe asubuhi, sungura akiwa katika tenga lenye hewa, limetandikwa nyasi na kufunikwa kitambaa chepesi. Mfugaji aandike katika karatasi siku dalili ilipoanza, mwanzi upi wa pua, anachokula, na dawa yo yote aliyokwisha pewa. Kama amempa kidonge cha nyumbani asifiche. Ukweli huo waweza kumwokoa mnyama.

Matibabu huhitaji fedha, nao wako watakaosema kwamba sungura mmoja hastahili gharama hiyo. Na wapime vema. Pamba, chumvi, maji ya moto na fagio ni vitu vya kila nyumba, nao mfugaji akivitumia mapema mara nyingi hatafika kwenye gharama. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tena mtoto aliyepewa sungura amtunze hujifunza mengi zaidi ya ufugaji: hujifunza kumtazama asiyeweza kusema, na kumfahamu kabla hajachelewa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini pua iliyoziba ni hatari zaidi kwa sungura kuliko kwa mtu?
2. Ukiikuta pua safi, ni mahali gani pengine utakapotazama ili ujue kama sungura ana makamasi?
3. Mwanzi mmoja wa pua umelowa na mwingine ni mkavu. Taja sababu mbili.
4. Utaijuaje hewa chafu ya kizimba, na utaiondoaje?
5. Eleza ni kwa jinsi gani kidonge cha amoksilini humwua sungura.
6. Ni wakati gani wa mwaka ambapo pua yenye maji yaweza kutokana na joto, na utafanya nini?
7. Jirani yako anataka kumnunua sungura wako anayepiga chafya. Utamjibu nini, na kwa sababu gani?